Machozi Hayana Chama

Wakesho anainamisha kichwa mezani ili macho yapumzike tu, maana jua la saa nane limeivamia ofisi ya harakati na yule mama kwenye benchi hataki kuondoka. Ni Mama Ngowa, muuza mihogo wa soko la nyuma, na hii ni siku ya tatu anakuja kuomba jambo moja: jina la mwanawe lirudishwe kwenye orodha. Saa kumi leo orodha itasomwa uwanjani, majina ya vijana wote waliochukuliwa na magari yasiyo na namba, na kila jina likitajwa umati utaitikia Yupo! Jina lisomwalo hadharani huwatia watekaji woga. Wawili waliosomwa mwezi uliopita walitupwa kando ya barabara wakiwa hai. Ngowa alikuwa wa kumi na mbili. Kisha Komredi Masika, mwenyekiti, akakumbuka kwamba kijana huyo alikuwa akivaa fulana ya chama tawala na kukata kiuno kwenye mikutano yao kwa sahani ya pilau, akachora mstari juu ya jina. Huyu si wetu, alisema. Wakesho, katibu, mwenye kalamu, aliendelea na jina la kumi na tatu. Mwanangu, mimi sijui vyama, mama huyo amemwambia leo, mimi najua nimezaa. Na Wakesho amemjibu, Tutaangalia, mama, kwa ile sauti laini ambayo wanaharakati huijua upesi kuliko wanavyoijua katiba.

Anainuka, au anadhani anainuka, anasukuma mlango wa nyuma unaoelekea chooni, na choo hakipo. Ipo barabara ndefu inayojikunja na kujirudia, na kila akigeuka mlango umesogea mbali zaidi, na ubavuni mwake anatembea mtu aliyevaa fulana kama yake, Machozi Hayana Chama kifuani, lakini usoni hana jicho wala pua wala mdomo, ngozi tupu kama kiganja. Unanipeleka wapi, anauliza Wakesho. Unakokwenda kila siku, anajibu mtu yule, na sauti inatoka pasipojulikana. Wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na watu wa humo wanalia. Wanalia vizuri, wallahi, wanalia huku wakijitazama, na mmoja anafuta chozi la kulia na kuliacha la kushoto, maana upande ule ndio unaompendeza pichani. Kina mama wamejipanga barabarani na picha za watoto wao vifuani, na kila mpita njia anasimama na kuuliza, Wa kwetu huyu? Akiambiwa ndiye, anaangua kilio hadi mishipa ya shingo inamtoka. Akiambiwa siye, anatazama saa. Watu gani hawa, anawaza Wakesho kwa dharau, kisha anajiona kiooni, naye anatazama saa.

Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, anajibu Wakesho kwa mazoea ya utotoni. Nina macho mawili, moja linalia, la pili linauliza kwanza nani amefiwa. Wakesho analijua jibu, na ndiyo sababu ulimi unakuwa mzito, kwa kuwa jibu lenyewe ni mimi, neno dogo tu, lakini akilitamka itabidi arudi achukue kalamu na kumkabili Masika, na Masika akimkasirikia mtu humfuta yeye pia. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Ndiyo kanuni, kila mtoto anaijua, ukishindwa kitendawili unatoa mji. Wakesho anatafuta mji usiomuuma. Chukua Kirumbi, anasema, wale walitupiga mawe wakati wa kampeni. Nimekwenda Kirumbi, anasema mtu yule, nimekula wali wao, nimelala vitandani mwao, nimeondoka na vilio vyao. Kuanzia leo wakifiwa hakuna atakayewasikia. Na ndani ya vioo Kirumbi inaonekana, vinywa vimepanuka, sauti hakuna. Wakesho anatazama kando na kuendelea kutembea. Kirumbi ni mbali. Barabara inajikunja, mji mwingine, vioo vilevile, kitendawili kilekile. Sijui. Nipe mji. Chukua kota za polisi. Lakini mna watoto mle, anasema asiye na uso. Wakikua watakuwa polisi, anajibu Wakesho, na anashangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi. Chukua Gorofani, matajiri wale. Chukua wakimbizi wa kambini, hata kura hawana. Anatoa miji kama mtu agawaye nguo zilizombana, na ukimya unazidi kutanda, hadi vioo vyote vinaonyesha mji mmoja tu, Ngulu, alikozaliwa, na uani kwao mama yake mzazi anachambua maharagwe kwenye ungo. Mkuki kwa nguruwe! Sasa ndipo anasimama. Wakesho mwanangu, anasema mama kiooni, mbona wanikodolea macho hivyo, kuna nini? Sema basi. Kitendawili, anasema asiye na uso, kwa upole kabisa. Neno limemjaa mdomoni. Anaona jukwaa bila yeye, anaona jina lake limepigwa mstari. Chukua Ngulu, anasema. Mama yake anafungua na kufunga mdomo, ungo unamponyoka, maharagwe yanamwagika, na Wakesho hasikii hata moja likianguka.

Komredi, amka, ni saa kumi kasoro! Ni Masika mlangoni, na spika zinajaribiwa uwanjani, zinavuma mpaka madirisha yanatetemeka. Mama Ngowa yupo kwenye benchi, midomo inakwenda, mikono inakwenda, na Wakesho hasikii kitu. Ni hizi spika, anajiambia. Anapiga simu Ngulu. Inapokelewa, sekunde zinakwenda, kumi, ishirini, upande wa pili kimya. Mama? Mama, ni mimi. Kimya. Huenda ni mtandao, mtandao wa Ngulu ni wa kubahatisha, au huenda bado hajaurudia ule mlango wa nyuma. Anaitazama orodha. Mstari ule ni mwembamba, kuandika jina upya juu yake ni kazi ya sekunde tatu. Una nini tena, anauliza Masika, watu wanangoja. Wakesho anamshika Mama Ngowa bega, anasema, Tutaangalia, mama, na hana hakika kama sauti imetoka.

Uwanja umefurika fulana nyeupe hadi barabarani. Anasoma, midomo ya umati inapanuka kuitikia, na machozi anayaona, mengi. Mbele kabisa amesimama Mama Ngowa na picha kifuani, amekuja kusikia. Wakesho anasoma jina la kumi na moja. Anasoma la kumi na tatu. Yupo, anaitikia Mama Ngowa kwa nguvu zake zote, kwa mtoto wa mama mwingine, na katika uwanja mzima hiyo ndiyo sauti pekee ambayo Wakesho anaisikia.