Mtungi Uliomkataa Kahi

Kahi Leba alijua mtungi umekufa kabla hajafunua kifuniko. Rangi ya nili iliyo hai hunuka, hilo halina ubishi. Mgeni akipita karibu na banda la mtia rangi hushika pua. Lakini huwa ni harufu yenye uhai, kali kama mkojo wa farasi juani. Iliyompokea asubuhi ile mlangoni ilikuwa harufu ya kitu kilichooza.

Alifunua, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Mkono ulipaswa kutoka na ukijani, kisha ugeuke buluu mbele ya macho yake kadiri upepo unavyoupiga. Ulitoka wa kijivu, kana kwamba alikuwa akisugua sufuria. Akachovya fungu moja la nyuzi za pamba, akangoja, akalivuta. Kijivu tupu.

Alikaa chini pale pale, matako juu ya majivu. Majani ya mnili aliyachuma mwenyewe, akayaloweka, akayakamua, akatia chokaa kwa kipimo cha kiganja kama alivyofundishwa na marehemu mama mkwe wake. Hakukosea kitu. Na nyuzi zilikuwa zimekwisha kufungwa, kila mahali palipotakiwa pabaki peupe pamekazwa kwa ukanda wa mwaa: farasi, kulungu, kamba wa mtoni. Kazi ya miezi ilikuwa ikining'inia pale kwenye mwanzi ikingoja buluu.

Nayo haikuwa kazi ya kuuza. Mume wa Konga, shemeji yao, alikuwa amefariki wakati wa mvua, na maiti yake ilikuwa ingali nyumbani kwao ng'ambo ya mto, imeviringishwa nguo, ikingoja kiangazi ipate kuzikwa. Konga alikuwa dada wa Landu, mumewe Kahi. Upande uliooa huleta farasi, na upande uliomwoza binti, kama wao, huleta nguo. Anayekwenda msibani mikono mitupu husemwa mpaka na wajukuu wa watu.

"Imekuwaje, mama?" Ipu aliuliza kutoka jikoni alipomwona anarudi.

Ipu alikuwa mke wa Retang, mwana wa pekee wa Kahi. Retang alikuwa Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, mwaka wa pili sasa, na katika miaka aliyolala na mkewe kabla ya kuondoka hawakubahatika mtoto.

"Imekufa," Kahi akasema, akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wewe uliingia bandani jana?"

"Niliingia kukuletea majivu. Si uliniagiza wewe mwenyewe?"

"Basi usiingie tena."

Ipu alimtazama, akainamia mahindi yake.

Kila mwanamke wa kijiji cha Prailangina aliujua mwiko huo, hata wale wasioshika rangi. Mtungi wa nili ni tumbo, na matumbo mawili hayakai nyumba moja; mwenye mimba akiukaribia, rangi huharibika. Ndiyo maana kazi ya buluu hungoja mwanamke amalize mambo ya uzazi. Kahi mwenyewe alingoja miaka, akifunga nyuzi na kufuma huku buluu ikitiwa na mama mkwe. Mwaka uliopita damu ya mwezi ilipomkatikia, wenzake walimpa pole, naye akacheka. Alikuwa amepata mtungi wake. Na tangu hapo kila alichochovya kilitoka cheusi kwa ubuluu, hata wanawake wakongwe wakawa wanaleta nyuzi zao kwake.

Akauanza mtungi mwingine. Safari hii alibeba majivu mwenyewe, akateka maji mwenyewe, na Ipu akawa anaupita uzio kwa mbali kama mwenye ukoma. Povu lilianza kupanda, jekundu kama shaba, na Kahi akavuta pumzi. Siku ya kuchovya ikafika. Povu lilikuwa limetoweka na juu ya maji pameelea utando kama wa uji uliochacha. Kichefuchefu kilimpanda mpaka akatoka nje akatapika ukutani.

Jirani yake Ngana alikuwa akipita na ndoo. Akaitua.

"Wa pili huo, Mama Retang?"

"Wa pili."

"Mtungi haudanganyi." Ngana alipunguza tambuu iliyojaa kinywani mwake, akatema pembeni. "Hapo kwako nani bado anaona siku zake?"

Kahi alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Mimi sina neno," Ngana akasema. "Mimi nimeuliza tu. Yule muuza samaki wa pikipiki naye husimama sana hapo kwenu. Au samaki wenu ni wakubwa kuliko wetu?"

Ndoo ilikuwa nzito, lakini ile habari Ngana aliibeba mbio. Kufika adhuhuri kisima kizima kilikuwa nayo.

Kahi alimkuta Ipu akianua nguo. Alikuwa amepanga kusema kwa upole, maneno yakamtoka kama mawe.

"Ni ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Mimba. Mwanangu yuko Kalimantan anakatwa na miiba kwa ajili yako. Nakuuliza ni ya nani."

Ipu hakupiga kelele. Nguo ilimponyoka ikaanguka vumbini, na uso wake ukawa mtupu, kama wa mtu aliyepigwa kofi kutoka nyuma na bado hajajua na nani.

"Mama," akasema hatimaye, "mimi ningekuwa na mimba ningekuwa nimekwisha kuitangaza kijiji kizima. Ningeitangaza hata kama ingenifukuzisha."

Kahi alitamani kuamini. Lakini nyuzi zilikuwa zikining'inia nyeupe, na kisimani walikuwa wameanza kucheka.

"Kesho tutakwenda kwa mkunga," akasema.

"Twende. Na nikirudi nafunga virago. Nitawaeleza baba zangu kilichonirudisha."

Landu aliposikia jioni ile aliacha kula. Alikuwa mtu wa farasi, maneno yake machache. "Mama Retang, ukimrudisha mtoto wa watu kwa jambo kama hili na likawa si kweli, farasi wote wa bonde hili hawatatosha kulisafisha."

"Mtungi haudanganyi," Kahi akajibu, akashtuka kusikia maneno ya Ngana kinywani mwake.

Zahanati ilikuwa mwendo wa kuvuka mto na kupanda kilima. Walikwenda mmoja mbele, mwingine nyuma. Mkunga, mwanamke mnene wa kutoka mji wa Waingapu aliyezoeleka na kila mtu, alimchukua Ipu chumba cha ndani. Kahi alibaki kwenye benchi akijifuta jasho. Jua halikuwa kali, lakini kilima kilikuwa kimemchosha isivyo kawaida.

Mkunga akatoka. "Huyu hana kitu. Mzima kama maji ya kisima. Nani kakwambia ana mimba?"

"Mtungi wangu wa nili."

"Habari za mitungi sizijui mimi." Mkunga alikuwa akimtazama kwa namna Kahi asiyoipenda, hakutazama uso, alitazama chini ya uso. "Na wewe je? Mbona unahema hivyo?"

"Uzee."

"Unatapika?"

"Nikisikia harufu mbaya. Nani hatapiki?"

"Siku zako?"

"Zilinikatika mwaka jana. Mimi ni mtu wa mtungi, dada. Ningekuwa bado nazo nisingeugusa."

"Zikikatika wakati mwingine hurudi kuchungulia kabla ya kuaga," mkunga akasema. "Hebu ingia."

Kahi aliingia akiona ni upuuzi. Alilala kitandani akiitazama dari yenye doa la mvua, mikono ya mkunga ikimbonyeza chini ya kitovu, mara hapa, mara pale, kisha ikatulia. Ikatulia muda. Mkunga akachukua kijipembe chake cha kusikilizia, akakiweka tumboni, akainamisha sikio.

"Mama Retang," akasema bila kuinua kichwa, "una mtoto humu."

Kahi alingoja aendelee, kama mtu anavyongoja mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. Masikio yake yakaziba, akawa anaiona midomo ya mkunga ikienda, asisikie neno. Miaka arobaini na sita. Nywele nyeupe kichwani. Mwana aliye na mke. Akaketi, akashuka kitandani, akavaa kiatu kimoja, akasahau cha pili.

Ipu alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Walitazamana. Kahi alifungua kinywa, na yote yakamjia pamoja: aibu, na hofu, na chini yake furaha ya kijinga ambayo hakuwa na haki nayo mbele ya macho yale. Ipu ndiye aliyeinama, akaokota kiatu, akamwekea miguuni. Kisha akatangulia kushuka kilima.

Landu alikuwa akimnywesha farasi.

"Nani sasa?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Mimba ni yangu mimi."

Landu alimtazama mkewe, akamtazama farasi, kana kwamba huenda farasi ana maelezo. Akakaa kwenye ukingo wa hori. "Mimi?" akauliza, akijigusa kifua.

"Ulitaka awe muuza samaki?"

Akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, kisha akaona mlango wa chumba cha Ipu umefunguliwa na begi liko kizingitini, akanyamaza.

Kahi alichukua kikapu chake cha tambuu, kile cha kwake mwenyewe chenye popoo na chokaa, akaenda akapiga magoti kizingitini, akakisukuma mbele kwa mikono miwili: anayepewa tambuu hivyo akitafuna, amesamehe. Mama mkwe kumpigia magoti mkwe. Hakuwahi kuona, wala hakuwahi kusikia.

"Mwanangu, nimekukosea."

Ipu aliendelea kukunja nguo. "Ulinikosea hadharani, mama. Hapa ni chumbani."

Kahi akainuka. Jua lilikuwa linapungua na wanawake wamejaa kisimani, Ngana akiwa katikati yao. Walipomwona waliacha kuteka. Alikuwa amepanga hotuba ndefu njiani, nayo ikayeyuka yote.

"Mtungi ulikuwa unanikataa mimi," akasema. "Nina mimba. Mkunga amesikia moyo wake. Ipu hana doa, na aliyemshtaki ni mimi, kwa hiyo nawaomba mnicheke mimi."

Kamba ya ndoo ilisikika ikilia kwenye mti wake. Mdomo wa Ngana ulikuwa wazi, tambuu nyekundu ulimini.

"Wewe?" akasema. "Na jino lako lililong'oka kwa uzee?"

"Jino halizai," Kahi akajibu.

Wakacheka, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Kahi akasimama pale wakicheka, hakuondoka hata pale mmoja wao alipouliza kama Landu naye apelekwe zahanati. Aligeuka tu alipomwona Ipu, aliyekuwa amemfuata na kusimama nyuma ya ukuta wa mawe, kikapu cha tambuu mkononi. Ipu akatoa jani moja, akalipaka chokaa, akalitia kinywani, akatafuna mbele ya wote.

"Begi nitalifungua," akamwambia wakirudi. "Lakini usiniombe nifurahi leo."

"Sitakuomba."

Wakatembea hatua kadhaa.

"Nyuzi za Bibi Konga zitatiwa rangi na nani?" Ipu akauliza.

Kahi hakuwa amefika huko. Sasa akashtuka upya: hana ruhusa ya kulikaribia hata banda lake mwenyewe, na msiba haungoji mtu azae. Wakongwe wenye mitungi walikuwa wamejaa kazi za msiba huohuo.

"Wewe siku zako bado," akasema.

"Zikija nitakaa mbali. Zikiisha nitaingia. Si hata marehemu mkwe wako alianza hivyo, angali anaona siku zake? Wewe ndiwe uliyenisimulia."

Siri ya mtungi haisemwi kwa sauti, na Kahi hakuweza kusimama mlangoni kuelekeza. Kwa hiyo alimpeleka shamba la mihogo, mbali na masikio, akamwambia yote: jani la kuchuma na la kuacha, ladha ya maji ya majivu ulimini, maneno ya kuamsha mtungi. Kisha akakaa barazani akiutazama uzio. Alikuwa amesahau ilivyo kuwa nje ya uzio.

Ipu alitoka siku ya kuchovya na fungu mkononi. Lilikuwa la kijani. Alilishika mbele ya upepo, na Kahi kutoka barazani akaona buluu ikipanda uzi kwa uzi mpaka ikatanda. Ipu akatazama mikono yake iliyobadilika, akaigeuza, akaigeuza tena. Halafu akaketi chini akalia, kwa sauti, kilio kirefu cha miaka yote aliyongoja mtoto. Kahi alipotaka kumwendea alimnyooshea kiganja cha buluu: abaki alipo. Akabaki.

Msibani nguo zilizofumwa kwa nyuzi zile zilifunuliwa, safu za farasi weupe juu ya buluu iliyokaribia weusi, na Konga alipouliza nani alizitia rangi, Kahi akataja jina la Ipu mbele ya koo zote mbili. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Wazee walilitazama, wakatazama pembeni.

Mtoto wa kike alizaliwa mvua za kwanza zilipoanguka. Retang alipiga simu kutoka Kalimantan, akaambiwa ana dada, akakata akidhani amekosea namba. Ilibidi Ipu ampigie yeye. Ipu ndiye aliyembeba mtoto zaidi kuliko mtu yeyote, mgongoni, ila siku za kazi; siku hizo alimwacha kwa Kahi barazani, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko, haitakati tena.

Mtoto alipoanza kutambaa, Kahi alisimama kwenye uzio wa banda. Mwanamke mmoja kutoka kijiji cha juu alikuwa ameleta nyuzi, na alikuwa amemwulizia Ipu kwa jina.

"Nimeona nianze tena," Kahi akasema.

Ipu alikuwa akikoroga.

"Bado unanyonyesha, mama."

"Nikimwachisha?"

"Ukimwachisha tutazungumza," Ipu akasema, akaendelea kukoroga.