Mruko wa Mguu Mzima

Mtu ambaye mafundi wenzake wa nguzo za umeme walimwita Mkwezi hakuwa na ugomvi na daktari aliyempasua goti la kushoto. Daktari alikuwa na kisu, na Mkwezi aliwaheshimu watu wenye vifaa. Dharau yake ilikuwa kwa Mama Mazoezi, mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi wa makamo, ambaye kwa miezi sita alikuwa akimwamuru asimame kwa mguu mmoja juu ya mto, kama korongo aliyepotewa na bwawa. Mtu aliyekwea nguzo miaka kumi na minane angefundishwa nini na mto?

Basi mazoezi hakuyafanya. Ule mpira wa kuvutia mguu aliopewa hospitalini aliufungia mlango wa banda la kuku. Mkewe alipouliza, alijibiwa: "Goti haliumi. Kisichouma kimepona." Hiyo ndiyo elimu yake yote kuhusu mwili wa binadamu, na aliitoa kwa sauti ya mtu anayehubiri. Kano mpya, iliyochukuliwa nyuma ya paja na kupitishwa ndani ya goti, huacha kuuma mapema sana, kabla haijaweza kumshika mtu asianguke. Jambo hilo aliambiwa mara tatu, na mara tatu zote alikuwa akichezea simu.

Ijumaa msimamizi angemteua kiongozi wa kikosi, na asiye na barua ya kuruhusiwa kupanda nguzo asingefikiriwa. Ndiyo maana Alhamisi asubuhi Mkwezi alifika chumba cha mazoezi akiwa amenyoa ndevu, akisindikizwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazini hupanda nguzo ileile nyuma yake.

Kipimo alikifahamu. Mgonjwa huruka mbele kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, na ule uliopasuliwa sharti ufikie sehemu tisa kati ya kumi za mguu mzima. Alikuwa amelitafakari hilo wiki nzima, akagundua kwamba hakuna aliyeulazimisha mguu mzima ujitahidi. Akafurahi furaha ya mwizi aliyeiba ghalani mwake mwenyewe asikamatwe.

Mama Mazoezi alimpima mapaja kwa utepe, akaandika, kisha akamwonyesha mstari sakafuni.

Mguu wa kushoto uliruka sentimita mia moja na kumi na mbili, goti likayumba kidogo alipotua. Wa kulia ulikwenda mia moja na kumi na nane, taratibu, kama mtu anayevuka kidimbwi akiwa na viatu vipya.

"Karibu sawa," alisema Mkwezi. "Niandikie barua, mama."

Mama Mazoezi hakushika kalamu. "Paja lako la kulia limelizidi la kushoto kwa sentimita nne, lakini yanaruka sawa. Kwa hiyo na huo wa kulia ni mbovu. Nitaandika kwamba miguu yote miwili haifai."

"Mbovu? Huu?"

"Mtu mzima wa kimo chako akiruka hivyo, mimi humshauri atafute kazi ya kukaa."

Shemeji, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaguna. "Mimi nilijua zamani, shemeji. Sikutaka kukutia aibu mbele ya dada. Kumbe sifa zote zile ulikuwa unapandishwa na kamba."

"Nani amepandishwa na kamba?"

"Si mimi ninayesema. Ni sakafu."

Mwenye busara angelimeza hilo neno moja, "mbovu", yakaisha. Mkwezi alirudi mstarini, akavuta pumzi, akarusha mikono nyuma, akaruka kwa mguu wa kulia kwa nguvu zake zote. Alitua imara, akageuka na kifua mbele.

"Mia moja na sabini na moja," alisoma Mama Mazoezi, naye sasa akaishika kalamu. "Wa kushoto haujafika hata sehemu saba kati ya kumi. Miezi mitatu zaidi chini, na mazoezi kila siku."

Mkwezi aliutazama utepe uliolala sakafuni, kisha akamtazama shemeji.

"Umefanya makusudi."

"Nimefanya," alisema shemeji. "Goti hilo likikuacha huko juu, hutaangukia cheo. Utaniangukia mimi."

Mama Mazoezi alimaliza kuandika barua, akaigonga muhuri, akamsogezea. Mkwezi aliisoma mara mbili kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Uongozi wa kikosi ulikuwa umekwisha, na aliyeumaliza alikuwa amevaa viatu vya Mkwezi mwenyewe. Hakuomba radhi, wala hakuuliza ni zoezi lipi aanze nalo. Aliirudisha barua mezani, akaweka kidole chini ya mstari wa tatu.

"Hii mia sabini na moja," alisema, "iandike kwa herufi kubwa. Msimamizi haoni vizuri."