Nani Alimsikia Kwanza

Twyla Maggard hakupata usingizi. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, dereva wa basi la shule, mama wa watoto wanaomzidi kimo, aligaragara kitandani usiku kucha akingojea kuche. Saa ilipolia alikuwa keshavaa buti. Kombati aliazima za kaka yake, na suruali aliikunja miguuni mpaka ikafanana na soksi nene. Mumewe alifungua jicho moja, akamtazama, akalifunga.

Huku kwetu milimani Ozark, Marekani, Aprili ikifika mwanamume haaminiki kwa lolote. Ng'ombe watangoja, mchungaji atangoja, mke ndiyo usiseme. Bata mzinga wa porini ameanza kulia, basi, akili zote zimekwenda msituni. Na katika wote waliopata kukaa chini ya mwaloni wakamwita ndege yule, hakuna aliyemfikia Hobart Maggard, baba yake Twyla. Alikuwa na kijisanduku cha mbao za mwerezi; akikikwaruza kifuniko chake kidogo tu, madume ya vilima viwili yanaapa kuna jike linayaita.

Lakini misimu miwili sasa Hobart alikuwa akirudi mikono mitupu. Si kwamba alikosa shabaha, la. Hakusikia hata ndege mmoja. "Wamekwisha," aliwaambia watu dukani kwa Opal, mahali wawindaji wanapokunywa kahawa. "Mbwamwitu wamewamaliza. Kilima changu kimekufa." Na hasira zikampanda, akatoa ahadi mbele ya kadamnasi: akikaa asubuhi moja zaidi katika kimya kile, bunduki yake ya marisau anamwachia Leland Crouse, na uwindaji basi. Leland, ambaye ameitamani bunduki ile tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alisema amen kabla ya mtu mwingine yeyote.

Twyla aliposikia habari hiyo alishikwa na woga hasa. Alimwona baba yake mdogo, Vester, alivyoacha kuwinda. Alikaa kwenye kiti mbele ya televisheni, akashiba, akanyamaza, na kabla ya mialoni kuchipua tena walikuwa wamemzika. Hakutaka baba yake akikalie kiti kile. Ndiyo maana akamwendea na kumwambia, "Baba, Jumamosi nichukue."

"Wewe?" Hobart alicheka. "Utapiga chafya mpaka ndege wahamie Kansas."

"Nitaiziba pua."

"Na mdomo je?"

Lakini alimchukua. Wanawe wa kiume walikwisha hamia mjini, na kwenda peke yake hakutaka, ingawa hilo asingelitamka hata kwa kufinywa.

Basi hao wamekaa gizani chini ya mwaloni, mgongo wa kilima uko juu yao, mashariki kumeanza kupauka. Bunduki ya mzee iko mapajani kwa Twyla. Wiki nzima baba alimfundisha kulenga nyuma ya zizi, akimtukana kwa mapenzi. Sasa akamnong'oneza, "Nitalia kama bundi. Dume likiwa juu ya mti halivumilii kelele za bundi. Litajibu tu, litake lisitake."

Akakusanya viganja mdomoni, akalia. Bundi mwenyewe angegeuka kutazama.

Na kutoka juu kule, gulugulugulugulu! Msitu mzima ulitetemeka. Twyla alihisi nywele za mikono zikisimama. Maisha yake yote alisimuliwa sauti ile mezani, akaigiziwa na kaka zake, akaisikia kwa mbali akianika nguo. Haikuwa hivi. Hii ilimwingia mbavuni. Akamgeukia baba yake macho yamemtoka kwa furaha.

Hobart alikuwa akikuna goti.

Akalia tena kama bundi, na safari hii dume halikungoja hata amalize, lilimkatiza kwa ghadhabu. Hobart akatega kichwa, akangoja, akatikisa kichwa polepole.

Twyla akajisemea moyoni, hizo ndizo mbinu zenyewe. Si wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu? Mwindaji hodari haonyeshi kwamba amesikia. Akakaza uso naye, akajifanya hajasikia kitu, huku moyo unamdunda mpaka akahofia ndege atausikia. Alijiona amekuwa mwindaji kamili. Dume likalia mara ya tatu, naye akakuna goti.

Kisha Hobart akainuka. Akapangusa matako, akakohoa kikohozi kinene bila kujizuia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakuna kitu, binti. Si nilisema? Twende tukate hapo juu, tushukie barabarani, nikampe Leland bunduki yake."

Hapo juu. Palepale dume lilipokuwa. Angepita chini ya mti wake waziwazi kama mtu anayekwenda posta.

Ndipo Twyla alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Televisheni inayopiga kelele mpaka kwa jirani. Mama yake anayeambiwa kila siku kwamba ananung'unika badala ya kusema, naye Twyla akadhani ni ukaidi wa ndoa tu. Ndege hawakwisha. Walikuwa wakimlilia mzee huyu misimu miwili, naye anapita chini yao akiwaombolezea.

Afanyeje? Mwanagenzi wa asubuhi moja amwambie fundi kwamba hasikii? Baba yake angeweza kukasirika hadi Krismasi. Lakini alikwisha piga hatua mbili kupanda kilima, na hatua ya ishirini ingeharibu kila kitu. Twyla akamshika pindo la koti, akamvuta chini kwa nguvu za mtu aliyezoea kuamulia ugomvi wa watoto ndani ya basi.

"Baba, yupo mmoja."

"Yupo nani?"

"Dume. Amekujibu mara tatu."

"Huyo ni mbwa wa jirani. Usinifundishe msitu mimi."

"Si mbwa. Baba, hukumsikia." Akamtazama usoni, midomo ikitamka neno kwa neno. "Humsikii."

Hobart akamkodolea macho. Uso ulimwiva, Twyla akajua sasa hivi yatamtoka ya kumtoka. Juu ya kilima dume likalia tena, na Twyla akashtuka bila kupenda. Baba yake akauona ule mshtuko. Akautazama muda, akawa kama mtu anayesoma habari mbaya aliyokuwa akiitarajia.

"Upande gani?" aliuliza.

Twyla akamwonyesha kwa macho.

Ehe, hapo sasa. Hobart alikaa chini kama kijana, akajibana mtini ubavuni mwa bintiye, akatoa kijisanduku. "Mikono usitikise hata ikiumwa na siafu," akanong'ona. "Mguu wako uuweke kwenye mguu wangu. Akijibu, nigonge. Akisogea karibu, gonga kwa nguvu zaidi. Mimi nitasema naye, wewe nisikilizie."

Akakwaruza. Jike likaita, laini, lenye maringo. Dume likaitika, Twyla akagonga buti la baba yake kwa buti lake. Hobart akangoja, akakwaruza kidogo sana, nusu ya neno, kama mwanamke aliyebadili nia. Dume likapandwa na wazimu. Twyla akagonga, akagonga tena. Mabawa yakapiga, kitu kizito kikatua ardhini, akagonga kwa kisigino. Baba yake alikuwa akitabasamu mpaka meno ya bandia yanaonekana. Kisha akakiweka kijisanduku majanini, akakunja mikono.

"Ita," Twyla alinong'ona kwa midomo.

"Mwache ateseke."

Kimya. Twyla akadhani wamempoteza. Jasho lilimtiririka puani, mbu akatua kopeni mwake akanywa alivyotaka. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Ghafla kilio kikatoka karibu mno, nyuma tu ya gogo, akagonga mguu wa baba yake kwa nguvu hata mzee akakunja uso.

Kichwa kikatokea. Chekundu, cheupe, cha buluu, kinabadilika ukikitazama. Kisha mwili wote, mweusi unaong'aa shaba, mkia umefunguka, ndevu ndefu za manyoya zinaning'inia kifuani. Alikuwa mkubwa na mwenye kiburi na mzuri kupita kiasi. Ndege akapiga hatua, akavimba, akanyoosha shingo, akalia akiwa amewaelekea wao wawili, karibu hivi unaweza kumtupia kofia.

Hobart alishtuka.

Twyla aliliona hilo kwa pembe ya jicho. Baba yake alikuwa amesikia. Kope zilimcheza, mdomo ukafunguka kidogo, na machozi yakaanza kumshuka kwenye mikunjo ya mashavu bila yeye kuyapangusa, maana mikono haitikiswi. Twyla kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Angepiga palepale. Hakupiga. Kama ni kumkosa ndege, na amkose, lakini mzee amsikie mara moja zaidi. Na dume, kwa ujinga wa mapenzi, likalia tena.

"Sasa, mama," Hobart alisema. "Sasa."

Akapiga. Bunduki ilimrudi begani, bonde likaitika, ndege akaanguka mzimamzima. Twyla akajikuta amesimama, anakimbia, suruali ya kaka yake inamkunjukia miguuni, anaanguka, anaamka, anacheka na kulia pamoja. Baba yake alimfuata akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno.

Njiani, ndani ya pikapu, Hobart alisema neno moja tu. "Kwa Opal nitasimulia mimi."

"Sawa, Baba." Alimwelewa. Amwachie, ni haki yake.

Maana dukani kuna desturi, na haivunjwi. Uzito wa ndege hauulizwi kwanza, wala urefu wa ndevu. Aliyemwita ndiye anayesimulia, na anaanza hivi: nilimsikia mahali fulani. Asiyeanza hivyo hasikilizwi. Opal akawawekea vimkate vya moto na mchuzi mzito wa soseji, watu wakasogeza viti, na ndege amelala juu ya kaunta kama mgeni rasmi.

"Haya, Hobart," alisema Leland Crouse kutoka nyuma yake, akiwa amenuna kidogo. "Ulimsikia wapi?"

Hobart aliendelea kukoroga kahawa.

"Hobart. Nimekuuliza, ulimsikia wapi?"

Watu wakatazamana. Twyla akafungua mdomo amwokoe, na hapo baba yake akaona nyuso zote zimemgeukia, akageuka taratibu, akamkuta Leland nyuma yake. Akaweka kijiko chini.

"Umeniuliza kitu, Leland. Sijakusikia. Na huyu ndege sikumsikia, mpaka amekuja kunililia usoni." Sauti ilimkwaruza, lakini hakusita. "Misimu miwili nimewasingizia mbwamwitu bure. Ndege wamejaa kule. Masikio ndiyo yamekwisha."

Opal alisimama na birika mkononi asimmiminie mtu.

"Na bunduki?" Leland aliuliza, safari hii kwa sauti kubwa na polepole.

"Ina kazi kesho." Hobart akakivuta kiti chake mwenyewe, kile cha msimuliaji, akamsukumia bintiye. "Kaa, mama. Wewe ndiye uliyemsikia. Anza."

Twyla akameza mkate uliokuwa mdomoni.

"Nilimsikia juu ya mgongo wa kilima," alisema, "kabla baba hajamaliza kulia kama bundi."

Hobart akainama kuelekea kwake, kiganja nyuma ya sikio, na macho hayakumbanduka midomoni mpaka hadithi ikaisha.