Shanga za Wajina

Wivu ulimpanda Akoru pale pale kanisani Kakuma, kabla maji ya ubatizo hayajakauka kwenye paji la uso la mjukuu wake. Mchungaji aliuliza jina, na Atiir, mke wa mwanawe, akajibu bila hata kumtazama mama mkwe: Nyadak. Nyadak! Jina la Kinuer, la watu wa Sudan Kusini, kwa mtoto wa Kiturkana, tena mjukuu wa kwanza. Na Akoru ametoka Lodwar na shanga kwenye pochi, shanga alizozitunga mwenyewe tangu mimba ilipoanza kuonekana, kwa kuwa katika ukoo wao wajina ndiye humfunga mtoto shanga za kwanza kiunoni. Wajina gani mwingine, kama si bibi yake?

Alimuuliza mwanawe Ebei huyo Nyadak ni nani. Ebei akakuna kichwa, akasema ni yule mama anayepiga deki wadi ya wazazi hospitalini.

Mpiga deki! Si daktari, si nesi, si hata mke wa mchungaji. Ibada ilipokwisha Akoru hakungoja chakula. Alijifunga leso, akaenda zake hospitali moyo unamchemka, huku akipanga maneno ya kumrushia huyo mwanamke aliyemwibia mjukuu.

Alimkuta kwenye korido, mwanamke mrefu mwenye koti la buluu la kazi, ndoo iko miguuni. Akoru hata salamu ya ejok hakumpa. Alisema tu kwamba yeye ndiye bibi wa mtoto wa Atiir. Nyadak akaegemeza deki ukutani, akapangusa mikono, akamsalimia kwa mikono miwili, uso umemjaa furaha. Hilo lilimuudhi Akoru zaidi. Mtu amekuja kugombana, unamfurahia ya nini?

Nyadak akaeleza kwamba jina hakuliomba. Siku ile ya uchungu manesi walikuwa wamezidiwa na Atiir analia peke yake, basi yeye alipomaliza zamu hakwenda nyumbani. Alimsugua mgongo, akaomba naye mpaka mtoto akatoka, kisha akamfulia nguo zenye damu.

"Mimi nilimwambia, Mama, mpe mtoto jina ya bibi yake," alisema. "Yeye akasema bibi aliitwa, hakukuja."

Ni kweli Akoru aliitwa. Ebei alipiga simu, naye akajibu kwamba askofu anakuja Lodwar na hakuna mwingine wa kumpikia pilau. Askofu aliisifu ile pilau, na Akoru akatamba nayo wiki nzima.

Mwingine angelia hapo, akaomba msamaha. Akoru si wa hivyo. Wivu ulikuwa bado haujamtoka, sasa pamoja na aibu. Alizitoa shanga, akazirudisha kwenye pochi, akazitoa tena. Kisha akaushika mkono wa Nyadak, ule ule ulioshika mgongo wa Atiir, bado umelowa na unanuka dawa ya sakafu, akaziweka kiganjani.

"Jioni njoo umfunge mtoto," alisema. "Na uzikaze vizuri. Nitakuwa nimekaa hapo hapo nikikuangalia."

Akaondoka. Alipofika mlangoni ndipo asante ikamtoka, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeisikia. Akasimama kidogo, akasonya, kisha akarudi mpaka kwenye ndoo na kuisema tena.