Kilio cha Kupeleka Uingereza

Adamu alitaka nipande lile gurudumu kubwa la kando ya mto, London. Nikamwambia mimi siendi Uingereza kupanda gurudumu. Naenda kulia.

Hakunielewa, na sikumlaumu. Adamu ni Mtanzania wa Kigoma, anakata tiketi za ndege kwenye kichumba kilicho juu ya duka la vitambaa hapa Fordsburg, Johannesburg, na wateja wake wengi wanaenda Maka au Dubai. Akipata mtu wa kwenda kwingine hufurahi utadhani harusi ni yake. Alikuwa amenipangia siku nane: London, Birmingham, Manchester, Glasgow, zote kwa treni za mchana ili nione kondoo. Kila mji alinitajia kitu ambacho mgeni wa mara ya kwanza hapaswi kukikosa. Nilimwacha aseme. Kichwani mwangu ziara hiyo ilikuwa na milango mitatu na ukumbi mmoja, basi.

Mlango wa kwanza ni wa mdogo wangu Jacques, London. Wa pili ni wa Arlène, Birmingham. Wa tatu ni wa Thierry, kitinda mimba wetu, Glasgow. Mimi Angélique ndiye yaya wao, kwetu maana yake dada mkubwa. Wao walipita Johannesburg wakaenda mbele, mimi nikabaki na mama Doornfontein, orofa ya nne, nikishona nguo za watu huku nikisikiliza kama ameniita. Mwaka jana alikufa.

Jacques alisema bosi wake amekataa kumpa ruhusa. Arlène alisema hana wa kumwachia watoto. Thierry alisema atafanya kama wakubwa wake, kama kawaida yake. Wote watatu wana pasipoti za huko, hakuna wa kuwazuia uwanja wa ndege. Wakaniomba niwaonyeshe maziko kwa simu.

Nikawaonyesha. Njia nzima nilishika simu juu, na makaburini Arlène alikuwa akiniongoza kwa sauti ndogo: inua kidogo, yaya, sogea kushoto, usitikise. Watu walipoanza kutupa udongo, mkono wangu wa kulia ulikuwa na simu na wa kushoto ulikuwa umeushikilia wa kulia usichoke. Mtu anayelia mkono hautulii, kwa hiyo sikulia. Nilimzika mama yangu bila kumtupia udongo na bila chozi, ili wanawe wa Uingereza waone vizuri.

Haya yote ningeyameza. Ila miezi michache baadaye akaja mteja mgeni, akanipa simu yake nione gauni analotaka. Alisema ameipata picha hiyo kwa ndugu zake, ni ya harusi iliyofanyika Manchester, na gauni la huyu dada limempendeza sana. Huyo dada alikuwa Arlène. Gauni lilikuwa langu, nilikuwa nimelishona kwa mkono wangu, pamoja na mashati ya Jacques na Thierry, kitenge cha buluu na manjano, nikawatumia kwa sababu waliniambia ni sare ya kanisa.

Wote watatu walikuwa wamekaa meza moja. Kuku, wali, keki. Na katikati ya meza, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Nikaikuza picha kwa vidole. Kwenye kioo cha ile simu niliona udongo mwekundu na sanduku la kahawia la mama, kama lilivyoonekana kutoka mkononi mwangu.

Nilimwambia mteja gauni hilo si kazi ngumu. Nikalishona, likamkaa vizuri, akanishukuru. Tangu siku ile sikuwatakia mema ndugu zangu, na sioni haya kusema.

Kwetu Uvira, aliyefiwa akikutana mara ya kwanza na ndugu ambaye hakufika msibani, kilio huanza upya. Unavua viatu, unajifunga kitenge kiunoni, unaingia ukipiga kelele kutoka njiani. Mwenye nyumba hana ujanja. Lazima atoe meza na makochi, atandike godoro chini, alie na wewe mpaka majirani wajae. Mimi nilitaka majirani Wazungu wajae. Nilitaka watoke na mbwa wao, wamuulize Jacques huyu mwanamke ni nani, na Jacques awajibu.

Nilikuwa nimeshaiona milango yao. Kuna picha za barabara kwenye simu, unaandika anwani, unatembea kwa kidole. Kwa Jacques mlango ni mweusi, unagusa njia ya watu. Kwa Arlène ni mwekundu, una kengele yenye kamera, nikasema vizuri, irekodi. Kwa Thierry kuna ngazi, itabidi nianze kulia chini. Manchester sina ndugu. Adamu alipoona Manchester alidhani napenda mpira, akaniwekea ziara ya uwanja. Nikamwambia aitoe, nataka kwenda kwenye ukumbi mmoja wa harusi. Akauliza kuna nini huko. Nikamjibu nataka kutema mate mlangoni, kisha nirudi stesheni. Eish, dada, akasema, na akaandika.

Viza ilipotoka alinipigia simu kwa shangwe. Mimi nikaingiwa na hofu, kwa sababu nilikuwa sijui kama kilio nitakipata.

Mwaka mzima nilikuwa sijalia. Kwenye misiba ya watu nilikaa nimekauka, nikimenya vitunguu tu. Na Arlène ndiye mliaji wa ukoo wetu, tangu utotoni, akianza yeye hata waliokuja kwa ajili ya chakula wanaangua kilio. Nikienda mpaka Birmingham halafu nitoe kilio kibovu mlangoni kwake, atanikumbatia, atanipangusa, atanipikia chai, na mambo yatakuwa yamekwisha kwa ushindi wake. Nilijaribu bafuni, bomba likiwa wazi. Ikatoka sauti ya mtu anayeita teksi.

Basi Jumamosi moja mchana nikaamua kujaribu kikamilifu. Simu nikaiacha jikoni inachaji. Nikavua viatu, nikajifunga kitenge, nikachukua kilemba cha mama kabatini, nikatoka hadi kwenye korido. Nikajiambia huu hapa ni mlango mweusi wa London. Nikausukuma na kuingia nikiita majina yao, Jacques we, Arlène we, Thierry we, mama amewaita hamkuitika. Yalikuwa maneno tu. Kisha nikapandisha mikono kichwani, kama anavyofanya mfiwa, na mikono ikakutana.

Ilikuwa mitupu. Hapakuwa na kitu cha kushika juu, hapakuwa na mtu wa kuniambia nisitikise. Nikaiangalia mikono yangu, na kilio kikatoka tumboni, kikaniangusha sakafuni, wala sikuwa nawaita tena wale watatu. Nilikuwa namwita mama.

Jengo letu lina kuta nyembamba na Wakongo wengi. Kilio cha kwetu mtu haulizi, anakimbia. Nilipoinua uso, Mama Exaucé wa orofa ya chini alikuwa ameshanishika mabega, wanaume wanatoa kochi kwenye korido, mtu ametandika godoro, viti vya plastiki vinapanda ngazi. Walipouliza nani amefariki, nikasema mama. Wakatazamana. Waliomzika na mimi walikuwepo humo ndani. Mama Exaucé akasema kwa upole kwamba siku ile hawakuniona nikilia, walijiuliza nitalia lini. Akakaa chini na wengine wakakaa.

Tukalia. Sijui kwa muda gani, ila chai ilichemka na kumiminwa. Ndipo mtu akaniletea simu kutoka jikoni, akasema inaita bila kupumzika.

Mama Exaucé akashika mdomo. Alikiri kwamba alipokuwa anapanda ngazi mbio alituma sauti kwenye kundi la simu la watu wa Uvira, akiwaita waje: "Kuko kilio kwa Angélique, kuyeni mbio." Kundi lile lina watu mpaka Uingereza. Ndugu zangu walikuwa wameisikia, wamenipigia, sikupokea. Wakahesabu wenyewe kwamba aliyekufa ni mimi.

Nikasikiliza sauti walizonitumia. Arlène alikuwa analia vibaya mno, ananiita mama yake wa pili, anasema watoto amewaachia jirani na yuko kwenye treni. Thierry alisema naye yuko njiani. Jacques alisema amezungumza na bosi, tiketi tatu amenunua, wanaondoka jioni hii hii.

Ile ya Jacques niliirudia. Simu ikaita tena, ya video, wote watatu kwa pamoja. Mama Exaucé akaniambia nipokee, nisiwaue watu kwa presha. Nikasema kwanza namaliza chai. Nikainywa polepole, na nilisikia utamu wa kila funda. Kisha nikampa simu Mama Exaucé, nikamwambia aishike yeye, mimi leo sishiki.

Wakaniona kwenye godoro, kilemba cha mama kichwani, watu wamenizunguka. Arlène akapiga ukelele wa furaha. Jacques akasema asante Mungu, asante Mungu, halafu akauliza.

"Yaya, sasa nani amekufa?"

"Mama."

Jacques akasogeza simu karibu. Nyuma yake niliona watu wanaburuta masanduku.

"Yaya, mama alikufa mwaka jana."

"Mulimuona?"

"Tulimuona. Si ulituonyesha weye mwenyewe?"

"Nilionyesha chupa ya soda," nikasema. "Kuku alikuwa mtamu?"

Arlène akatoka kwenye picha, ikabaki dari ya treni. Hakuna aliyeuliza chupa gani, wala nani kakuambia. Wale watu ndani ya chumba changu hawakujua habari hiyo, wakasogea karibu na simu.

"Jacques, bosi wako amekupa ruhusa leo?"

"Amenipa."

"Upesi hivyo?"

Akapangusa uso kwa kiganja. "Alisema niende tu, kwa sababu ni msiba."

"Na mwaka jana?"

Nilidhani atasema bosi amebadilika, au kampuni. Ningemwamini kidogo, yaya ni yaya.

"Mwaka jana sikumuomba," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yangu yote, na bado neno hilo lilinipiga mahali nisipopajua. Nilifikiri wataniomba msamaha, na nilikuwa na majibu tayari. Thierry akauliza kwa sauti ndogo kama basi warudi nyumbani, maadamu mimi ni mzima.

"Tiketi munazo," nikawaambia. "Munilie mimi musimlie mama? Kuyeni."

Nikamwambia Mama Exaucé akate.

Kisha nikampigia Adamu. Alidhani nimebadili mawazo juu ya gurudumu. Nikamwambia afute treni zote, na hoteli, na ule ukumbi wa Manchester, anitafutie kitu kimoja tu: ndege ya jioni kutoka London inatua hapa saa ngapi. Akauliza nampokea nani. Nikasema wafiwa.

Mama Exaucé aliuliza kesho nitavaa nini kwenda uwanjani. Nilimwonyesha kitenge kiunoni na miguu yangu mitupu. Kilio nilikuwa nimekipata, na pale wanapotokea abiria pana watu wengi kuliko barabara zao zote tatu. Nikawaomba wote wanaonisindikiza waache simu zao nyumbani.