Chai ya Jumamosi kwa Dada Doris

Viatu vilikuwa vingi mno mlangoni kwa Dada Doris. Nilivitazama huku nikifungua kamba za vyangu: mabuti ya Gitonga yaliyoganda chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, ndara za Hamida, ambazo huzivaa na soksi hata theluji ikianguka, na viatu vyeusi vya Mchungaji Jairus, ambavyo siku za Jumamosi havikuwa na kawaida ya kuonekana Roseville. Nikasimama na kiatu kimoja mguuni. Nilijua kuna mtu ataambiwa leo.

Ilikuwa Aprili mwaka 1996. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Saint Paul, Marekani, nikisomea ukutubi, na siku tano za juma nilikuwa mtu wa vitabu na kimya. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuishi. Dada Doris, aliyekuja kusoma miaka kumi kabla yetu na sasa akifanya kazi katika ofisi ya bima kule Plymouth, alitupitia mabwenini kwa gari lake, akatusomba hadi kwake. Huko tulisonga ugali, tukabishana, tukacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Namba ya simu ya nyumba ile ndiyo tuliyowaachia watu wetu nyumbani kwa jambo la dharura. Kwa hiyo habari zetu zote, njema na mbaya, zilipitia sikioni mwake kwanza.

Naye alikuwa na utaratibu wake. Msiba hausemwi kwenye simu. Mfiwa anafuatwa, analetwa kati ya watu, anakula kwanza, maana akishaambiwa hatakula tena siku mbili. Kisha, kabla neno halijatoka, aliyeketi kushoto kwake anamtoa kikombe mkononi. Hilo la kikombe liliongezwa baada ya mwenzetu Geofrey kujimwagia chai ya moto pajani siku alipoambiwa habari za kaka yake. Gitonga alipofiwa na bibi aliyemlea, mimi ndiye niliyewekwa kushoto. Nilikitoa kikombe chake taratibu, hata hakuhisi. "Lois, una mkono mwepesi," Dada Doris akanisifu, nami kichwa kikavimba. Mimi nina kimbelembele tangu utoto, na hata msibani nilipenda kuwa na cheo.

Sasa ni nani? Sikufikiri mara mbili. Edson. Baba yake alikuwa amelazwa Muhimbili tangu Februari. Tena garini siku ile Edson, mwenye miguu mirefu, ambaye kila Jumamosi tuligombania naye kiti cha mbele, aliniachia kiti bila neno na kujikunja nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Nilidhani moyo wake umeshamwambia. Maskini, nikasema kimoyomoyo, na mimi hapa nina furaha yangu ambayo leo itabidi niifiche.

Maana Juni nilikuwa naenda nyumbani, Tukuyu, kwa mara ya kwanza tangu niondoke. Sweta la mama lilikuwa tayari sandukuni, la rangi ya zambarau, nililolipata baada ya kumzungusha Hamida madukani Jumamosi tatu mpaka akaapa hatanisindikiza tena. Na barua ya mama ilikuwa chini ya mto wangu, kwa mwandiko wake uliolala upande: "Ukija usisahau koti, mwanangu. Juni huku kuna baridi, na wewe umeshazoea starehe." Mimi, niliyekuwa nikisubiri basi kwenye baridi ya kugandisha kope! Nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikalia. Hamu ya kumwona ilikuwa inauma kabisa, hapa chini ya mbavu. Nilitaka anigombeze kwa sauti yake mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Nikaingia jikoni. Hamida alikuwa akipakua pilau.

"Mwacheni ale kwanza ashibe," nikamnong'oneza. "Mimi nitakaa kushoto kwake."

Hamida ni mtu wa Tanga asiyekosa neno. Siku ile alikaza macho sufuriani, kisha akasema, "Na wewe ule, shoga yangu. Tafadhali, Lois. Ule."

Niliona kama ananichukulia mgeni wa mambo haya, nikatoka nimenuna kidogo.

Sebuleni nilimwamkia Mchungaji. "Marahaba, binti yangu," akajibu, na mkono wangu akaushika muda mrefu kuliko salamu inavyodai. Gitonga, ambaye kila Jumamosi alikuwa akiuguza wazee kule Oakdale, alikuwa ameketi kwenye zulia.

"Leo huendi kazini?"

"Nime-swap shift na Jedidah," akasema bila kuniangalia. "Nilitaka tu kuwa hapa na nyinyi."

Nikamkonyeza, kumaanisha nimeelewa. Hakunikonyeza.

Nikaketi kushoto kwa Edson. Akainuka kufuata chumvi, na aliporudi akaketi kushoto kwangu. Nikahama. Akahama. Tungekuwa watoto, watu wangetucheka.

"Edson, tulia basi," nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao. "Kula, kaka yangu. Mwili unataka nguvu."

Akatii. Alikula machozi yakimtoka, akasema ni pilipili. Pilau la Hamida halikuwa na pilipili.

Ikaja chai ya maziwa, yenye tangawizi. Mchungaji akavua miwani. Nikajiweka tayari, nikageuka kukitafuta kikombe cha Edson, na Edson hakuwa na kikombe. Alikuwa amekiweka chini. Gitonga naye alikuwa amekiweka chini, na Hamida, na Dada Doris. Chumba kizima kilikuwa na kikombe kimoja tu mkononi mwa mtu.

Vidole vya Edson vikagusa vyangu, taratibu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

"Nipe, Lois."

Nikakikaza.

"Bado sijamaliza," nikasema.

Edson akarudisha mkono wake mapajani. Hakuna aliyeniharakisha.

Baadaye niliyajua yote: kwamba ilikuwa Jumatano, kwamba ni kifua, kwamba walimzika Ijumaa wakati mimi niko maktaba nikipanga vitabu vya watu. Baba yake Edson alipona, akaishi miaka kumi na miwili zaidi, nami nilimfurahia kwa dhati, ingawa haikuwa rahisi. Siku hizi Dada Doris amerudi nyumbani, na viatu hujaa mlangoni kwangu. Ni mimi ninayepigiwa simu, ninayefuata watu, ninayepika. Utaratibu ni uleule, isipokuwa nimeongeza kitu kimoja: mtu akisema bado, tunamngoja.

Lakini Jumamosi ile mama yangu alikuwa bado na uhai wa ile chai iliyobaki, na niliinywa kwa mafunda madogo madogo. Nilimwona akishika barua yangu karibu na macho. Nilimwona akiniuliza koti liko wapi. Dirishani theluji ya Aprili ilikuwa ikianguka na kuyeyuka kabla ya kutulia chini. Chai ikapoa, ikafanya utando juu, nikainywa na utando wake. Chini kulikuwa na sukari isiyokorogeka, nikaigeuza kwa ulimi mpaka ikaisha.

Nikampa Edson kikombe. Nikajifuta mikono kwenye sketi.

"Haya, dada," nikasema. "Niambie."