Sauti Iliyowekwa Sandukuni

Kila asubuhi, kabla soko la Magwagwa halijachangamka, Bosibori alipangusa umande kwenye sanduku kuukuu la majani ya chai lililokaa barazani kwa Okemwa, fundi cherehani. Humo mlikuwa na vifungo, kijiko, utambi wa taa, sindano mbili. Kanuni ilikuwa moja: weka kitu, chukua kitu. Bosibori ndiye mlinzi wake, na wadokozi hakuwachekea.

Yeye mwenyewe, alipobatizwa na Wasabato, wasiotaka mapambo, mwaka 1966, alitumbukiza humo ebitinge zake, zile pete za chuma za miguuni anazovishwa mke aliyetolewa mahari ya ng'ombe. Akachukua kitana. Mwezi haukuisha, pete zikaenda na mtu asiyejulikana.

Mwaka 1971 mumewe, Onsongo, akafa, na kamati ya kupima mashamba ikaja. Nyangau, ndugu ya marehemu, akawaonyesha miguu ya Bosibori.

"Tazameni wenyewe. Pete ziko wapi? Huyu alikuwa mgeni tu wa ndugu yangu."

Karani akampa Bosibori hadi Ijumaa alete ushahidi, la sivyo shamba la migomba, pamoja na kaburi lililomo, liandikwe jina la Nyangau. Ilimuuma mno. Alikuwa amelilima miaka kumi na tisa, tangu aolewe.

Jumatatu jioni Onsongo akaja sandukuni, amevaa koti alilozikwa nalo. Akang'oa kifungo, akakiweka, akapapasa, akaambulia uzi. Okemwa alilalamikia udongo mwekundu aliouacha barazani. Jumanne kikaenda kifungo cha mwisho.

"Pete ni nzito," Bosibori alimwambia Jumatano. "Kifungo hakitazirudisha."

"Basi nitaweka sauti."

Akainama, akaiweka. Mkono ulipotoka ulikuwa na pete zote. Akamvisha mkewe bila neno, akaenda zake.

Ijumaa wakaenda wote wawili mbele ya kamati. Marehemu akapewa kiti. Karani akazigonga pete kwa kalamu.

"Pete hata sokoni zinapatikana, mama. Lakini mwenyewe yupo, ni vizuri. Mzee, aliyekuja nawe ni nani wako?"

Onsongo akafungua mdomo. Wakamngoja kwa adabu. Akaufungua tena.

Karani akaandika jina la Nyangau.

Bosibori akakimbilia sandukuni. Sauti haikuwemo. Mahali pake palikuwa na kiberiti, nusu ya njiti zimetumika.

"Ni shemeji yako, jana," alisema Okemwa bila kusimamisha cherehani. "Aliweka kwanza, ndipo akachukua. Sikuona kosa."

Siku ya Sabato Nyangau aliimba besi iliyotikisa vioo, na waumini wakampa mkono. Mlangoni akamwona Bosibori.

"Bosibori," akamwita, kwa sauti ileile ya miaka kumi na tisa, na Bosibori akaitika kabla hajajizuia.

Jumapili alihamia chumba cha nyuma kwa Okemwa. Jumatatu asubuhi alipangusa umande sandukuni. Kiberiti bado kilikuwamo, hakuna aliyekitaka.